Kiti Kilichotazama Nyuma

Asubuhi ile Émérance, mke wangu, alikunywa chai akiwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo kwa barabara, uso kwa ukuta. Kiti hicho ni cha gari. Kimekaa barazani kwetu tangu wakati wa Wabelji, na siku zote kinatazama nyumba. Watu wengine huweka kiti ili waone njia. Yeye alisema njia alishaiona.

"Gunia," akaniita. "Kiti kinalia."

Gunia ni mimi. Nina jina la ubatizo, Célestin, lakini hilo alilitumia akikasirika tu.

"Kinalia kwa sababu unakitikisa," nikasema.

"Ninakitikisa kwa sababu kinalia."

Nikachukua spana, nikakaza bolti ya mguu wa kushoto. Akatikisa tena. Kimya. Akasema nimekaza kupita kiasi, sasa kimenuna. Nikalegeza kidogo. Kikalia. Akacheka, akamaliza chai, akaenda kuchuma sombe, majani ya muhogo.

Mchana alisema kichwa kinamuuma, akalala. Hakuamka. Sasa mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti. Kinalia, na sikikazi.

Watu wengi walikuja kwenye kilio. Kila mmoja alisema alikuwa mama mwema. Ni kweli, lakini maneno hayo husemwa kwa kila marehemu, hata wale tuliowakimbia. Wajukuu ndio waliouliza kitu cha maana. Waliuliza kwa nini kiti kinatazama ukuta. Basi nitaeleza hilo, na ndani yake watamwona bibi yao.

Émérance alizaliwa Lusangi, kwenye njia ya Kabambare. Baba yake alikuwa mfua chuma. Mama yake, Waridi, alitoka katika nyumba ya Waislamu, na baba alibatizwa na mapadri, kwa hiyo nyumbani kwao kulikuwa na Ijumaa na Jumapili. Émérance alipumzika siku zote mbili. Siku nyingine alivuta mivukuto ya baba yake, kwa sababu hakukuwa na mtoto wa kiume wa kuivuta. Alijua rangi ya chuma kabla ya kujua kusonga ugali. Nilipomwoa nilionja ugali huo. Ulikuwa mgumu kama chuma kilichopoa.

Nilimleta Kasongo. Nilikuwa zamu, yaani mlinzi, katika uwanja wa Mgiriki mmoja aliyefanya biashara ya mchele na magari. Nyuma ya uwanja kulikuwa na magari yaliyokufa. Émérance alipika vitumbua akauza getini, na mteja wake wa kwanza kila siku alikuwa Moustapha, makanika wa Mgiriki. Moustapha akila, Émérance aliuliza.

"Hii ilikuwa na kazi gani?"

"Ile ilikuwa inapeleka mafuta."

"Na hii?"

"Hii ilikuwa inazuia ile."

"Kwa nini inazuia, na ile inataka kupeleka?"

"Émérance, niache nimeze kwanza."

Ndivyo alivyojifunza magari, kitumbua kwa kitumbua.

Sasa lazima niseme habari ya ukwe, maana vijana wa leo wanakula sahani moja na mama wa wake zao. Wakati wetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana. Nikimwona anakuja, niliingia kwenye majani. Sikukaa alipokaa. Sikutaja jina lake, naye hakutaja langu. Kama alikuwa na neno kwangu, alimwambia binti yake, hata nikiwa upande wa pili wa ukuta wa matete nasikia kila kitu. Binti alinirudia neno, na hapo ndipo nilihesabiwa kuwa nimesikia. Nilijua miguu ya Waridi na sauti yake. Uso wake sikuujua.

Haya hiyo huisha siku mama mkwe anapokuwekea mikononi mtoto wako aliye hai. Yetu ilikuwa imekawia kuisha. Watoto wetu wawili walizaliwa kule Lusangi, na hawakukaa.

Mimba ya tatu ilipoonekana, Maseri, mtawa wa maternite, yaani hospitali ya wazazi ya Kasongo, alimwambia Émérance: huyu atazaliwa hapa, mbele ya macho yetu. Usibebe maji, usilime, usisukume kitu kizito. Habari ikafika Lusangi, na jibu la Waridi likarudi haraka: mjukuu wake hatazaliwa bila mkono wake kwenye mgongo wa binti yake. Na Émérance naye akasema bila mama haingii maternite. Mwanamke yule hakuogopa moto wala chuma wala Mgiriki. Wakati ule aliogopa. Nilijua kwa sababu aligombana na kila kitu, hata sufuria.

Basi jambo lilikuwa moja tu: Waridi afike Kasongo kabla mvua haijala barabara. Lakini Waridi alikuwa ameanguka katika shamba la mpunga akaumia nyonga. Kutoka nyumbani mpaka jikoni alikwenda na fimbo, akipumzika katikati.

Aliyetupelekea maneno alikuwa Atumani, mchuuzi wa chumvi, aliyepita Lusangi kwa baiskeli. Alirudi kwetu na vumbi mpaka kwenye kope.

"Nilimuambia tutamubeba na kipoyi," akasema. Kipoyi ni kile kiti cha kubebwa mabegani. "Anasema juu ya mabega ya watu wanabebwa wazungu na maiti. Yeye si muzungu, na kufa bado."

"Na kamyo ya pamba?" Émérance akauliza. Kamyo ni lori.

"Anasema, ili apande kule juu, wanaume watamusukuma kwa wapi?"

Hilo halikuwa na jibu la heshima.

"Na baiskeli yako?"

"Alitazama kiti ya nyuma ya baiskeli, akatazama nyonga yake, akanitazama mimi. Sikuuliza tena."

"Sasa mama anataka nini?"

"Anasema anataka kiti yenye mugongo, yenye kutembea."

Atumani akacheka mpaka akakohoa vumbi. Mimi nikacheka. Émérance hakucheka. Alikuwa anatazama nyuma ya uwanja, kwenye magari yaliyokufa.

Kulikuwa na tukutuku, ndivyo tulivyoita pikipiki, ya mzungu mmoja wa pamba. Aliingia nayo mtoni. Mzungu alitoka, akarudi kwao. Tukutuku ilitolewa baadaye, ikabaki kwa Mgiriki. Na kulikuwa na gari dogo lililoungua upande wa mashini. Upande wa nyuma moto haukufika: magurudumu mawili mazima, ekseli yake, na kiti cha ngozi nyekundu ambacho kuku walikuwa wanatagia.

Émérance alimwendea Mgiriki na sahani ya vitumbua.

"Chukueni," Mgiriki akasema. "Lakini mufagie pale vitakapotoka."

Moustapha alikuwa na mtungi wa kuchomea chuma. Alikubali kwa sharti moja.

"Nitachoma. Lakini ikiua mutu, mimi sikuwa hapa. Nilikuwa nimekwenda kuzika shangazi."

"Shangazi yako si ulimuzika mwaka jana?" nikasema.

"Shangazi iko wengi."

Tukaanza. Tukatoa gurudumu la nyuma la tukutuku, mahali pake tukafunga mbao mbili ngumu, na chini ya mbao ekseli ya gari. Mbele gurudumu moja, nyuma mawili. Émérance hakupima kwa mita. Alichana ukanda wa kitenge akautia mafundo, na kila fundo lilikuwa na mwenyewe. Hili ni paja la mama. Hili ni mama na tumbo langu tukikaa pamoja. Hili ni mama na tumbo na kuku, maana mama hasafiri bila kuku. Moustapha alipotaka kufupisha mbao, Émérance alimwonyesha fundo.

"Unataka kukata kuku?"

Mbao zikabaki ndefu.

Taabu ilikuwa mnyororo. Mnyororo wa tukutuku ulijua kuvuta gurudumu moja, na sasa kulikuwa na mawili. Moustapha alikuna kichwa, mwishowe akafunga chuma cha meno kwenye gurudumu la kushoto peke yake. La kulia liliachwa lifuate. Likafuata kama mtoto anayevutwa kwenda kuogeshwa. Kwa hiyo kile chombo, maisha yake yote, kilitaka kwenda kuume.

Siku ya kukijaribu nilikipanda mimi. Nilitaka kwenda getini. Kikanipeleka jikoni kwa Mgiriki. Mpishi, Jean-Marie, akatoka na mwiko mkononi.

"Hii kitu inakuja kuomba chakula?"

"Kinapenda kuume," nikasema.

"Basi choo iko kushoto. Umepona."

Tukajifunza kushika usukani kana kwamba tunataka kwenda kushoto, na hapo kilikwenda mbele.

Kazi ikaisha. Kiti chekundu kilifungwa nyuma ya tandiko la dereva, kimesafishwa, mayai yametolewa. Moustapha akakaa ndani yake kama bwana mkubwa, mimi nikapanda mbele, ili waone uzito. Magoti yake yakaniingia mbavuni. Akacheka. Kisha akayatazama magoti yake. Kisha akacheka tena kwa namna nyingine.

"Célestin. Mukwe wako atakaa hapa nilipo?"

"Ndiyo."

"Na wewe pale ulipo?"

"Ndiyo."

"Na magoti yake hapa? Kutoka Lusangi mpaka Kasongo?"

Tulikuwa tumekata, tumechoma, tumefunga, wiki baada ya wiki, kwa ajili ya kumbeba mama mkwe wangu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwa ni mama mkwe wangu. Tulikuwa tunawaza chuma.

Émérance akakaa chini, mikono kichwani. Jean-Marie alishatoka jikoni kuona. Atumani naye alikuwapo. Mtu yule alikuwa na bahati ya kufika palipo na aibu ya watu. Moustapha akasema, "Tafuta dereva ingine," lakini dereva mwingine hakuwako, na yeye mwenyewe alikuwa na shangazi.

Émérance akachukua kitumbua kimoja, akala chote, akajifuta mikono.

"Zungusha kiti," akasema.

"Kizunguke wapi?"

"Kitazame nyuma. Mama ataona njia inayobaki, Célestin ataona njia inayokuja. Hawataonana mpaka mwisho wa dunia."

Tukampigia makofi. Moustapha alikizungusha siku ileile. Atumani alisema hata wazungu hawajawaza hivyo. Sote tulijiona watu wenye akili sana. Hakuna aliyewaza milima.

Kwenda Lusangi tulikwenda vizuri. Njia ilikuwa kavu, na mizigo ilikuwa mimi na Émérance tu. Maseri alikuwa amekataza maji, jembe na kusukuma. Juu ya tukutuku hakusema neno, na Émérance hakumuuliza. Alikaa kwenye kiti chekundu akitazama tulikotoka, akanisomea watu.

"Yule anacheka. Yule ameangusha jembe. Yule anakimbia. Hapana, amesimama, anacheka."

Tulipofika, nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye majani yangu. Nikasikia fimbo ikigonga chuma, pole pole, ikizunguka.

"Nani alichagua rangi hii?"

"Ndiyo ile haikuungua, mama."

"Mugongo yake iko muzuri." Fimbo ikagonga. "Kwa nini inatazama nyuma?"

"Sababu ya ukwe, mama."

"Ule mutu iko na akili."

"Ni mimi niliwaza, mama."

"Basi wewe iko na akili. Yeye iko na bahati."

Asubuhi tukaondoka. Waridi alipanda na mwavuli, mkeka, gunia la karanga, na kuku, kama fundo lilivyosema. Émérance akakaa karibu naye. Mimi nilishapanda mbele, shingo imekaza kama mtu aliyelala vibaya. Nyuma yangu nikasikia mama mkwe akiwaaga watu wa Lusangi. Aliwaaga kwa muda mrefu, maana alikuwa anawatazama, na hawakuisha kuonekana.

Tukafika mlima wa kwanza. Tukutuku ikakohoa, ikalia, ikafa.

Nikashuka nikasimama mbele yake, nikitazama mbele.

"Sukuma," Émérance akasema.

"Kusukuma ni nyuma," nikasema.

"Ndiyo, ni nyuma."

"Nyuma kuna nini?"

Akageuka kuona kuna nini. Nyuma kulikuwa na mama yake, amekaa uso wazi, mwavuli umefunguliwa, akingoja.

Tungekiacha kiti kama kilivyokuwa mwanzo, ningesukuma nikitazama kisogo tu. Tulikigeuza kwa ajili ya haya, na sasa kilinionyesha uso wenyewe.

Tukajaribu kamba. Nikafunga mbele, nikavuta, Émérance akapanda tandiko kushika usukani. Chombo kikasogea, kikakumbuka kuume, kikanivuta mimi na kamba yangu mpaka ndani ya shamba la mtu.

"Émérance," Waridi akasema nyuma ya mwavuli. "Ambia mutu anayevuta, mimi sikuomba kulima."

Émérance alishuka. Akamwaga karanga zote miguuni pa mama yake, akaja na gunia tupu, akanivika kichwani mpaka mabegani. Lilinuka udongo.

"Sasa sukuma."

"Sioni kitu."

"Ndiyo kazi yake."

Nikasukuma. Mashini ikawaka, tukapanda. Waridi aliona mashimo vizuri tu, kwa sababu aliyekuwa nyuma alikuwa mimi, na mashimo yalikuwa mbele ya miguu yangu.

"Émérance! Ambia ule mutu, kushoto kuna shimo!"

Nilisikia. Tulikuwa karibu kiasi cha kusikia kuku wake akipumua. Lakini sikuhesabiwa kuwa nimesikia.

"Unasema nini, mama?" Émérance akapaza sauti juu ya mashini.

"Shimo!"

"Shimo gani?"

"Basi," Waridi akasema. "Amelipata."

Hivyo ndivyo tulivyopanda milima yote. Kwenye tambarare niliendesha. Kwenye mlima nilivaa gunia, Émérance akaenda mbele, na mama mkwe akatuma habari za mashimo zilizofika zimechelewa. Watu wa mashambani walisimama kimya. Nadhani hawakujua kama wacheke au wavue kofia.

Mlima mmoja unateremka kwenye mto wenye daraja la magogo, na kabla ya daraja njia inapinda kwenda kushoto. Tulipofika juu, mashini, iliyokuwa inakohoa siku nzima, ikapata nguvu ghafla. Chombo kikanitoka mikononi. Nikasikia kinateremka, kinalia, na Émérance anapiga kelele kwa breki, kama kuipigia kelele kungeisaidia. Nikakimbia nyuma yake. Gunia kichwani. Ningelivua, lakini Waridi alikuwa ananitazama.

Wao walipinda na njia, wakapita juu ya magogo. Mimi nilifuata sauti. Sauti ilikuwa imevuka mto, ikanijia moja kwa moja, nami nikaiendea moja kwa moja.

"Émérance! Ambia..." nikasikia mbali.

Émérance hakusikia. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono, miguu na meno.

Halafu nikasikia sauti ileile, kubwa, haikupitia kwa mtu:

"Célestin! Simama!"

Nikasimama. Udongo ukavunjika mbele ya kidole changu, na baada ya kitambo ukaanguka majini.

Ng'ambo mashini ilikufa. Hata kuku alinyamaza.

Mama mkwe alikuwa ametaja jina la mkwe. Leo ni kitu kidogo. Wakati ule watu wangesema mengi, na kwa mwanamke mwenye mimba wangesema mabaya zaidi, hasa aliyekwisha kupoteza wawili. Nikaupapasa ukingo, nikapata magogo, nikavuka kwa magoti. Nilipofika nikamsikia Émérance anahema. Hakuwa anahema kwa ajili ya breki.

"Mama," akasema, pole. "Umemuita."

"Nimeita nani?"

"Umesema Célestin."

"Mimi niliita gunia," Waridi akasema.

"Gunia, mama?"

"Ile gunia jina yake Célestin. Tangu asubuhi ninaiita hivyo mu roho yangu. Ni gunia yangu ya karanga, siwezi kuipa jina?"

"Na ule mutu iko ndani yake?"

Waridi akafikiri. Nikasikia fimbo inagonga ubao.

"Ule? Yeye ataitwa Gunia. Wamebadilishana."

Émérance alianza kucheka pole pole, kama mtu anayejaribu mguu ulioumia. Kisha akacheka mpaka akashika tumbo. Mama yake akacheka. Mimi nilicheka ndani ya Célestin, karanga moja iliyosalia ikaniingia puani.

Toka hapo safari ikawa nyepesi. Waridi alisema moja kwa moja: "Célestin, sukuma! Célestin, kuume! Célestin, umelewa?" Hakuwa anasema na mimi. Alikuwa anasema na gunia lake, na gunia lilitii.

Tukaingia Kasongo kwa mlima, kwa hiyo niliingia nimelivaa. Soko zima likatoka. Nikasikia viatu vya polisi.

"Ule mwizi aliiba nini?"

"Aliniiba mimi, kwa baba yangu," Émérance akajibu.

Polisi akazunguka chombo. Nilisikia viatu vinakwenda, vinasimama, vinarudi.

"Hii ni gari ao tukutuku? Plaki yake ya namba iko wapi?"

"Ni kiti," Émérance akasema.

"Kiti?"

"Kiti ya mama yangu. Huyu hapa amekaa."

"Baba," Waridi akamwambia polisi kwa upole, "kwenu umeona kiti yenye plaki?"

Viatu vikasimama muda mrefu.

"Pelekeni kiti nyumbani," akasema mwishowe. "Na mwizi atembee pole pole."

Tulipofika nyumbani mawingu yalikuwa meusi upande wa Kabambare, na kesho yake mvua ikaanza kula barabara.

Tulisimamisha chombo kando ya baraza, kiti kikielekea ukuta, ili nikiingia kutoka njiani nimkute Waridi amenipa mgongo. Ndiyo sababu ya ukuta, wajukuu zangu. Baadaye mashini ilikwenda kusaga mahindi ya mtu, magurudumu yakaenda kwenye mkokoteni, mbao zikaota uyoga. Kiti tulikiwekea miguu ya chuma. Waridi alikikalia mpaka akafa, na haya ilishaisha zamani, lakini alikataa kigeuzwe. Alisema macho yake yamezoea. Baada yake alikikalia Émérance, akasema vilevile.

Lakini wakati ule chombo kilikuwa bado na magurudumu yake, na uchungu wa Émérance ulianza asubuhi, mvua ikinyesha. Mashini ilishashindwa na maji. Akakaa kwenye kiti chekundu na mama yake, mwavuli mmoja juu yao, Moustapha akashika usukani, mimi nikavaa Célestin nikasukuma mpaka maternite. Moustapha hakutaja shangazi hata mara moja. Njiani hakuna aliyecheka. Émérance alihesabu mashimo kwa meno. Waridi alisema mara moja tu, chini chini, "Célestin, pole pole," na sijui kama alikuwa anasema na gunia.

Jina la mtoto hatukuwa tumelitaja. Wale wawili tuliwapa majina mapema. Huyu tulimwita tumbo, basi.

Maseri hakutaka mtu mwenye gunia ndani. Nikasimama nje, chini ya ukingo wa paa, mgongo ukutani. Maji yalipita ndani ya gunia yakanishukia shingoni. Ningeweza kulivua, nje tulikuwa mimi na Moustapha tu. Sikulivua. Niliona kwamba mpaka hapo lilikuwa limetufikisha, na sikutaka kuharibu.

Nikasikia sauti ya Émérance, halafu ya Waridi, halafu kimya ambacho nilikijua, maana nilikisikia mara mbili kule Lusangi. Nikakihesabia pumzi. Halafu mtoto akalia, kwa hasira, kama mtu aliyeamshwa kwa kosa la mwingine.

Mlango ukafunguka. Fimbo ikagonga saruji, ikaja, ikasimama mbele yangu. Nikafumba macho, hata ndani ya gunia. Kitu chenye joto kikawekwa mikononi mwangu. Kilikuwa chepesi, na kilipiga teke.

Haya ilikuwa imekwisha. Nilijua. Waridi naye alijua. Lakini hakuna aliyewahi kutufundisha nani anaanza. Mikono yangu ilikuwa imejaa. Yeye hakuthubutu kugusa kichwa cha mkwe. Tukasimama hivyo, mimi na gunia, yeye na fimbo, mtoto akilia katikati, Moustapha akigeuka kutazama mvua. Maseri akauliza ndani, mtu yule nje anafanya nini, ni mgonjwa?

Na Émérance, kitandani, mlango ukiwa wazi, kwa sauti iliyochoka na yenye kucheka, akasema:

"Mama, mutoe ile gunia. Na wewe, Baba Heri, fungua macho. Tumefika."